Rachid Taha Awarudia Wazee wa Nyimbo

Neno diwani sisi watu wa Pwani hatulihitajii tafsiri. Ni mkusanyo wa tungo. Neno hilo hilo Rachid Taha, mwimbaji wa Algeria, alizipa santuri zake mbili: Diwân ya 1998 na Diwân 2 ya 2006.

Bwana huyu hakuwa mtu wa kutazamiwa kuhifadhi ya kale. Alizaliwa 1958 karibu na Oran, akapelekwa Ufaransa angali mtoto, akafanya kazi kiwandani, kisha yeye na wenziwe wa Lyon wakaunda bendi waliyoiita Carte de Séjour, yaani kibali cha ukaazi. Aliimba roki kwa Kiarabu, akachanganya rai ya kwao na magitaa ya umeme na ngoma za mashine.

Lakini katika diwani hizi aliwarudia wakubwa wake. Ya kwanza inafunguliwa na "Ya Rayah", wimbo wa msafiri, mtungo wa Dahmane El Harrachi, fundi wa chaabi, muziki wa mitaa ya Algiers. Humo pia mna wimbo wa Farid el Atrache. Katika ya pili mna wimbo wa Umm Kulthum, ambaye sauti yake wazee wetu waliingojea redioni, na wa Francis Bebey wa Cameroon.

Wako wasemao kwamba umeme huharibu nyimbo za kale. Mimi siafiki. Sikiliza "Ya Rayah": udi unasikika wazi, na lahani ya mzee waitambua tangu mwanzo. Ngoma mpya zimekuja kuibeba tu. El Harrachi alifariki 1980. Miaka 18 baadaye vijana wa Paris, wengine wasiojua Kiarabu, walikuwa wakiucheza wimbo wake.

Taha naye alifariki Septemba 2018. Nasi hapa Mombasa tulimzika Juma Bhalo 2014, na Zein L'Abdin akamfuata 2016. Kanda zao zimo makabatini mwetu, na kanda huoza. Enyi vijana wa vinanda vya umeme, zichukueni nyimbo hizo mziimbe kwa mtindo wenu, bora maneno yasivurugwe na mtungaji atajwe. Wimbo usiotajwa mtungaji ni mwana aliyenyimwa jina la babake.