Kusengenya si Kusingizia

Wanachuo waendao mazoezi ya kufundisha katika shule za Gwarama hukutana na watoto ambao nyumbani husema Kiha, na Kiswahili wanakipata zaidi darasani. Tuliwahi kumkuta mwanachuo mmoja akiamua shauri la wasichana wawili wa darasa la nne. Mmoja alilia, "Mwalimu, huyu amenisengenya." Mwanachuo akawakanya wote wawili juu ya umbeya, kisha akaendelea na somo. Kumbe mwenzake alikuwa ametangaza kwamba yule aliyelia ameiba kalamu. Shutuma ya wizi ikabaki pale pale, na kwa siku kadhaa hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja.

Kosa lilikuwa la neno. Kusengenya ni kumtaja mtu kwa ubaya naye hayupo. Yasemwayo yaweza kuwa kweli tupu. Kusingizia ni kumtwika mtu tendo asilolitenda, awepo au asiwepo. Neno la kwanza huuliza, "Alikuwapo?" La pili huuliza, "Ni kweli?" Aliyesengenywa hutaka wenzake wanyamaze, aliyesingiziwa hutaka asafishwe mbele ya wote waliosikia. Kuzulia ni jirani yake kusingizia, ila hapo habari nzima imetungwa.

Kuchongea huhitaji msikilizaji mwenye uwezo wa kuadhibu, mathalani mwalimu au mzazi. Hapa sisi walimu hatuna budi kujichunguza, maana mchongezi hupata nguvu kutokana na masikio yetu.

Kukashifu ni kumvunjia mtu heshima waziwazi. Kiingereza hutenga slander, ya mdomo, na libel, ya maandishi. Kashfa yetu huzibeba zote mbili. Tena magazeti huita kashfa hata tukio la aibu lenyewe, kama ile ya Richmond iliyofuatwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa mwaka 2008. Hapo neno halisemi kwamba habari ni ya uongo.

Darasani tusianze kwa kuandika fasili ubaoni. Yafaa tutoe kisa kifupi: kalamu imepotea, na Juma anatajwa. Kisha tubadilishe jambo moja moja: Juma hayupo, Juma kweli aliichukua, habari imepelekwa kwa mwalimu mkuu. Kwa kila badiliko, watoto wataje kitenzi kifaacho. Ubishi mkubwa huzuka pale habari ni ya uongo na Juma hayupo. Tusiukatize upesi, kwani hapo kusengenya na kusingizia vyote viwili vyafaa.