Vidonge vya Fangasi Vikikutana na Dawa ya Presha

Mwezi huu tunazungumza nanyi mnaomeza vidonge vya presha kila siku, pamoja nanyi mnaowatunza wazee nyumbani. Vidonge vya fangasi, ambavyo wengi hununua bila cheti cha daktari, vyaweza kugombana na dawa ya presha hata kumwangusha mtu.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 65 anameza amlodipini ya miligramu 10 kila siku, na presha yake imetulia. Kucha zake za miguu zimeharibiwa na fangasi. Anakwenda duka la dawa, anauziwa itrakonazoli. Haulizwi anatumia dawa gani nyingine, naye hasemi, maana kwake kucha na presha ni mambo mawili mbalimbali. Baada ya siku kadhaa miguu inavimba, na kila akiinuka kitandani anasikia kizunguzungu. Usiku mmoja anaanguka akienda chooni na kuvunjika nyonga. Nyumbani watasema ni uzee, kumbe ni dawa mbili zilizokutana.

Kwa nini zinagombana?

Dawa nyingi tunazomeza huvunjwavunjwa na ini, kisha hutoka mwilini. Itrakonazoli, ketokonazoli na flukonazoli huzuia kazi hiyo ya ini. Ni kama mtaro ulioziba wakati wa masika: mvua ni ile ile, lakini maji yanajaa hadi mlangoni. Mgonjwa anameza kidonge kimoja kama kawaida, lakini dawa inazidi kujaa katika damu, na presha inashuka kupita kiasi. Dawa za presha zinazohusika zaidi hapa ni amlodipini, nifedipini na felodipini.

Itrakonazoli ina hatari nyingine: yenyewe hupunguza nguvu ya moyo kusukuma damu. Mwenye ugonjwa wa moyo kushindwa kazi hapaswi kupewa dawa hiyo kwa ajili ya kucha.

Kwa losartani mambo huenda kinyume. Dawa hii hugeuzwa na ini ndipo ipate nguvu yake kamili. Flukonazoli ikizuia kazi hiyo, presha yaweza kubaki juu. Nayo terbinafini, dawa nyingine ya kucha, huweza kuongeza metoprololi katika damu, na moyo ukapiga polepole mno.

Ketokonazoli ya vidonge ina lawama zaidi. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zilitoa onyo kali juu yake kwa sababu huweza kudhuru ini vibaya.

Msiogope kupita kiasi

Krimu za kupaka kwenye ngozi, kama klotrimazoli, huingia kidogo sana katika damu. Kidonge kimoja tu cha flukonazoli cha miligramu 150, kinachotolewa kwa fangasi wa ukeni, mara nyingi hakileti shida. Wasiwasi wetu ni vidonge vinavyomezwa kwa siku nyingi.

Mgonjwa mwenye homa ya uti wa mgongo iletwayo na fangasi, ambayo huwapata hasa wenye virusi vya UKIMWI, huhitaji flukonazoli nyingi, pengine miligramu 1200 kwa siku mwanzoni. Asiikatae, maana inaokoa maisha yake. Aseme tu kwamba ana presha, ili apimwe mara kwa mara na dawa zake zirekebishwe.

Mfanye nini?

1. Mkija hospitali au mkienda duka la dawa, bebeni dawa zote mnazotumia katika mfuko mmoja, na miti shamba pia. Msitegemee kukumbuka majina.

2. Someni paketi. Jina likiishia na herufi "conazole", semeni mara moja: "Natumia dawa ya presha." Msichanganye na albendazole ya minyoo.

3. Msiache dawa ya presha wala kuipunguza wenyewe. Presha ikipanda yaweza kuleta kiharusi. Mwacheni daktari aamue dawa ipi ibadilishwe.

4. Mkiona kizunguzungu mnapoinuka, miguu kuvimba, mapigo ya moyo kwenda polepole au kubadilika, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Aliyezimia au anayekosa pumzi apelekwe bila kungoja.

5. Flukonazoli huendelea kuzuia ini kwa siku 4 hadi 5 baada ya kidonge cha mwisho. Basi pimeni presha wakati wa matibabu, na tena wiki inayofuata.

Katika jumuiya ndogo ndogo wamo wazee wasioweza kusoma maandishi madogo ya paketi. Kijana mwenye macho mazuri akiwatembelea na kuwasomea majina ya dawa zao, kisha akayaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kwenda nayo hospitali, atakuwa amewakinga na hatari hii.