Akiba ya Joto: Umeme wa Jua Baada ya Magharibi

Mahitaji ya umeme katika mji kama Makambako, na katika vijiji vya nyanda za juu kama Matamba wilayani Makete, mkoani Njombe, hupanda jioni, saa ambayo paneli za sola zisizo na betri zimekwisha kunyamaza. Ipo, hata hivyo, mitambo ya jua ya aina nyingine, ambayo vioo vyake hukusanya miali mahali pamoja, na joto linalopatikana huchemsha maji hadi yatoe mvuke wa kuzungusha jenereta.

Fadhila ya mitambo hiyo ni kwamba joto huwekeka akiba kwa urahisi kuliko umeme. Katika ile yenye mnara, chumvi iliyoyeyushwa, yaani mchanganyiko wa naitreti za sodiamu na potasiamu, huvutwa kutoka tangi lenye nyuzi joto 290 hivi za Selsiasi, hupashwa mnarani hadi 565, kisha hushushwa katika tangi la pili, ambamo hukaa kama chai ndani ya chupa hadi usiku utakapoihitaji. Mtambo wa Noor III wa Ouarzazate, Moroko, wenye megawati 150, huweza kuzalisha kwa saa 7 hivi bila jua, ingawa mwaka 2024 tangi lake la chumvi lilivuja na uzalishaji ukasimama kwa miezi mingi. Dubai imejenga mitambo ya megawati 700 yenye akiba ya hadi saa 15.

Matamba penyewe hapafai kwa mitambo hiyo, kwa sababu vioo hivyo huhitaji miali inayofika moja kwa moja, na ukungu na mawingu huitawanya; anayepanda kona 57 za barabara ya kutoka Chimala, chini bondeni, huona jinsi anga linavyobadilika katika mwendo mfupi. Lakini milima ya nyanda hizohizo hulisha vijito vya mto Ruaha Mkuu, ambao maji yake huwekwa akiba katika bwawa la Mtera kwa ajili ya kuzalisha umeme hapo na Kidatu, na ukame ulipoyapunguza, kama mwaka 2006 na 2011, nchi iliingia katika mgao wa umeme. Hapo ndipo hoja ya akiba ya joto inapopata uzito wake kwa Tanzania: ukame unaokausha bwawa ndio uleule unaoacha anga jeupe juu ya Dodoma na Singida, na umeme ambao ungezalishwa huko usiku ungefika Njombe kwa njia za Gridi ya Taifa zinazopitia Makambako.