Maua: Hesabu ya kufanya kabla ya kuhama sebuleni kwenda dukani

MUUZA-MAUA anayefanyia kazi nyumbani huanza siku akiwa tayari na mteja. Oda imeingia jioni kwa simu, nusu ya malipo imetumwa kwa M-Pesa, na alfajiri anafika sokoni kununua kiasi anachohitaji bila kuzidisha wala kupunguza. Mashada hufungwa mezani sebuleni, kisha mwendeshaji bodaboda huyafikisha yanakotakiwa.

Siku anapofungua duka, mpangilio huo hupinduka. Sasa yeye hununua maua kwanza, kisha humngojea mteja ambaye huenda akaja au asije. Ndoo zilizo mlangoni hazina budi kujaa, kwa kuwa hakuna apitaye njia akavutiwa na ndoo tupu. Maua nayo si sabuni wala sukari, bidhaa ambazo zisipouzwa leo zitauzwa mwezi ujao.

Wengi wanaopania kuhama nyumbani hupiga hesabu ya kodi ya duka, rangi ya kuta na bango la mlangoni. Gharama ambayo aghalabu husahaulika ni ile ya maua yatakayonyauka kabla ya kununuliwa. Ndiyo huamua iwapo duka litasimama au litameza akiba iliyowekwa kwa miaka.

Hesabu yenyewe

Chukua mfano wa duka dogo ambalo kodi yake ni Sh30,000 kwa mwezi. Msaidizi analipwa Sh18,000, umeme na maji ni Sh6,000, na usafiri pamoja na ulinzi Sh6,000. Jumla ni Sh60,000, nazo hulipwa hata kama hakuna ua moja lililouzwa.

Tuseme waridi moja hununuliwa kwa Sh20 na kuuzwa kwa Sh50. Aliyeko nyumbani akinunua mawaridi 100 yaliyokwisha kuagizwa, hupata faida ya Sh3,000. Mwenye duka akinunua 100 na 25 yakamnyaukia, atauza 75 kwa Sh3,750, na faida itashuka hadi Sh1,750. Maua ni yale yale na bei ni ile ile, ila faida imepungua kwa zaidi ya thuluthi moja.

Kwa kiwango hicho cha hasara, duka hilo litahitaji kuuza takriban mawaridi 99 kila siku, kwa siku 26 za kazi, ili kulipia gharama zake tu. Mwenyewe atakuwa bado hajajilipa hata shilingi. Akifaulu kupunguza yanayonyauka hadi 10 katika kila 100, mahitaji hayo hushuka hadi 83 kwa siku. Tofauti ya maua 16 kwa siku haitokani na kupandisha bei wala kuongeza wateja. Inatokana na jinsi maua yanavyotunzwa.

Kuna ushuru pia. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha ushuru wa mauzo ghafi kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3, kwa biashara zenye mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka. Ushuru huu hutozwa mauzo, wala si faida; kwa hivyo mfanyabiashara haruhusiwi kutoa kwanza gharama ya maua yaliyotupwa. Duka linalouza mawaridi 99 kwa siku katika mfano huu hupitisha mauzo ya Sh1.5 milioni kwa mwaka. Kwa kiwango hicho cha asilimia 3, karibu Sh3,900 zaidi zingehitajika kila mwezi juu ya zile Sh60,000.

Kuyapa maua siku zaidi

Ua lililokatwa huendelea kupumua, na joto huharakisha kuzeeka kwake. Ndiyo sababu mashamba ya Naivasha huhifadhi mawaridi katika vyumba baridi kabla ya kuyasafirisha ng'ambo. Waridi hudumu vyema katika kipimo cha nyuzi 2 hadi 4 za Selsiasi. Hata hivyo, maua ya nchi za joto kama vile anthuriamu hudhuriwa na baridi kali kiasi hicho, hivyo hayafai kuwekwa pamoja na mawaridi.

Si kila anayeanza anaweza kununua jokofu la maua. Lakini hata asiye nalo anaweza kuchagua chumba kisichopigwa na jua la alasiri, kuosha ndoo kila siku kwa maji yenye klorini, na kuondoa majani yote yanayozama majini, kwani hayo huoza na kuzalisha bakteria wanaoziba mirija ya shina. Kila shina likatwe tena ncha kwa kisu kikali kabla ya kutiwa katika maji safi.

Aidha, maua yasiwekwe karibu na ndizi au maembe yanayoiva. Matunda hayo hutoa gesi iitwayo ethilini, ambayo huyazeesha maua upesi. Karnesheni ndizo huathirika mno. Mwenye kupewa nafasi kando ya kibanda cha matunda kwa kodi nafuu hana budi kufikiri mara mbili. Vivyo hivyo, jengo lenye mgao wa maji lisilo na tangi litamgharimu zaidi ya kodi anayoitaja mwenye jengo.

Mahali na desturi

Soko la City Market katikati ya Nairobi limekuwa na wauza-maua kwa miaka mingi, na atakaye maua hujua yapo pale. Anayefungua duka mtaani hana urithi huo. Inampasa kuwa karibu na sababu ya watu kununua maua: ukumbi wa harusi, hospitali, kanisa, chuo chenye mahafali au hifadhi ya maiti.

Desturi za wenyeji huamua mengi. Katika jamii nyingi za Wakristo, mashada ya mazishi huagizwa katikati ya wiki kwa ajili ya maziko ya mwishoni mwa wiki. Waislamu huharakisha maziko, na shada si sehemu ya desturi yao. Huko Mombasa, wanawake wamefuma vikuba vya asumini majumbani mwao kwa vizazi. Vichipukizi huchumwa alasiri, navyo hufunguka usiku vikiwa vimeshavaliwa. Bidhaa ya aina hiyo haina haja ya dirisha la kioo, kwa sababu kufikia asubuhi harufu imekwisha kwenda zake. Kwa mfanyabiashara kama huyo, nyumbani ndipo mahali pake.

Mkataba wa duka

Anayekodi duka huingia katika uhusiano wa kisheria ambao hakuwa nao alipokuwa sebuleni. Kenya ina sheria ya mwaka 1965 inayowalinda wapangaji wa maduka na hoteli, ijulikanayo kama Sura ya 301. Upangaji hulindwa na sheria hiyo ikiwa hauna mkataba wa maandishi, au ikiwa mkataba ni wa muda usiozidi miaka mitano, au kama una kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka mitano bila ya upande wowote kukosea.

Kwa mpangaji wa namna hiyo, mwenye jengo hawezi kupandisha kodi au kumwondoa kwa maneno ya mdomo. Sharti atoe ilani kwa fomu iliyowekwa kisheria, nayo haianzi kutekelezwa kabla ya miezi miwili tangu mpangaji aipokee. Asiyeafiki hutakiwa kujibu kwa maandishi katika muda wa mwezi mmoja, na anaweza kuipeleka kesi kwa Mahakama ya Upangaji wa Majengo ya Biashara kabla ya ilani kuanza kutekelezwa.

Hii ndiyo sababu baadhi ya wenye majengo hupendelea mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu, au miaka sita. Miezi hiyo michache huutoa mkataba nje ya ulinzi huo. Isitoshe, humfunga mpangaji kulipa kodi kwa muda wote huo hata biashara ikianguka. Anayejaribu duka kwa mara ya kwanza hafai kutia sahihi mkataba wa namna hiyo bila ya kushauriana na wakili.

Vilevile kuna malipo ya gudwili, ambayo hudaiwa na anayeondoka au anayeachia nafasi iliyo na wateja. Fedha hizo kwa kawaida hazirudi. Zisichanganywe na amana ya kodi, ambayo hurejeshwa kulingana na mkataba. Kila malipo yawe na stakabadhi yake. Baada ya hapo huja leseni ya biashara ya kaunti na ada ya bango, ambazo kiwango chake hutofautiana kati ya kaunti moja na nyingine.

Usiache mbachao

Mwezi wa kufungua pia unahitaji kuchaguliwa kwa makini. Wanaofungua siku chache kabla ya Februari 14, Siku ya Wapendanao, huona watu wamejaa mlangoni na kudhani hivyo ndivyo itakavyokuwa. Siku hiyo bei ya jumla huwa juu, na Machi hufika na ukimya wake. Ni mauzo ya wiki ya kawaida yanayoonyesha nguvu za duka.

Njia salama zaidi ni kuhama kwa hatua. Mtu anaweza kukodi kona katika saluni au duka la nguo za harusi kwa miezi mitatu, huku akiandika kila jioni maua aliyonunua, aliyouza na aliyotupa. Daftari hilo litamwonyesha idadi ya wapita njia wanaonunua, jambo ambalo oda za simu haziwezi kumwambia.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwaka 2020, mikusanyiko ilipopigwa marufuku nchini kutokana na maradhi ya Covid-19, harusi ziliahirishwa na oda zikakatika. Aliyekuwa nyumbani alikosa mapato, lakini mwenye duka alikosa mapato na kodi ikabaki palepale. Wateja wa simu, ambao hulipa kabla ya ua kununuliwa, ndio mtaji usionyauka. Duka likiweza kugharimiwa na oda hizo wakati mlangoni hapaingii mtu, wakati wa kuhama umewadia.