BAFLE MPYA NDANI YA TABLO YA ZAMANI

Tangu ile Coccinelle ya mzee mmoja wa kanisa ianze tena kusimama karibu na madarasa yetu, wengi wanatuuliza: nyimbo zinatoka wapi, nasi hatuoni bafle? Sauti inatoka ndani ya tablo, nyuma ya wavu mdogo wa chuma ulio kando ya saa ya mwendo, mahali palepale watu wa Volkswagen walipopatengeneza. Sisi wa darasa la sita tulisaidia kazi ile. Tunaona ni vema tueleze namna ilivyofanywa, kwa maana kuna magari mengine ya zamani hapa Kalundu na Uvira, na shauri ambalo mzee alipewa kwanza lilikuwa kukata tole.

Kukata tole tunakataa kabisa. Ujerumani waliacha kutengeneza Coccinelle ya kawaida mwaka 1978, na Mexico mwaka 2003, baada ya magari zaidi ya milioni 21 kutoka. Tablo ikikatwa leo, hakuna wa kukuletea nyingine bandarini. Na hakuna haja. Zamani bafle yenye nguvu ilitaka sumaku kubwa na nzito. Tangu miaka ya 1980 kuna sumaku za neodimiumu, ndogo lakini kali sana, kwa hiyo bafle nyembamba inaweza kuimba vizuri. Pima tundu, kisha pima na kina cha nyuma, kwani huko ndani mota ya kupangusa kioo haiko mbali. Ndipo uende sokoni na vipimo mkononi, usiende na macho tu.

Bafle ya kwanza ya gari hili ililowa katika mafuriko ya Aprili 2020, na karatasi yake ikaoza. Lakini hata bafle nzima ingeweza kulia kama nzi ndani ya chupa kama imefungwa vibaya. Sababu ni hii. Karatasi ya bafle ikienda mbele inasukuma hewa ya mbele, na wakati huohuo inavuta hewa ya nyuma. Hewa ya mbele ikipata njia ya kuzunguka, inakwenda kujaza nyuma, na sauti nzito zinakufa palepale. Ninyi wa darasa la tatu, jaribuni wenyewe: shikeni bafle tupu mkononi ikiwa inaimba, halafu iwekeni juu ya tundu la kipimo chake katika karato kubwa. Mtasikia besi inafufuka, na hakuna aliyegusa kifungo.

Kwa hiyo tulikata kipande cha tripleksi cha kufunika nyuma ya wavu wote, tukatoboa ndani yake tundu la bafle, na kuzungushia mpira wa chambre ya gurudumu la zamani ili hewa isipite pembeni. Kipande kimeshikwa na visi zilezile za kiwandani. Mpira unasaidia jambo la pili: njia ya kwenda Makobola inatikisa kila kitu, na tole ikigusana na mbao bila mpira inalia kuliko kwaya.

Sasa umeme, na hapa tunaomba usikivu. Coccinelle ya miaka ile iko na volti 6, si 12. Radio za leo zinataka 12. Kuna watu wanaobadilisha gari lote: dinamo, taa, bobini ya moto, batri. Ni kazi nzuri lakini ni ghali. Sisi tulichukua njia fupi: ampli ndogo ya Bluetooth, na batri ya pekee ya volti 12, ampere 7 kwa saa, inayojazwa nyumbani kwa panô ya jua. Hesabu ni rahisi. Wati 10 ukigawanya kwa volti 12, hupati hata ampere moja. Basi batri ile inaimba kwenda na kurudi Baraka hata bila kumalizika, na umeme wa gari haukuguswa. Karibu kabisa na batri tuliweka fizibli, ili waya zikigusana ikatike yenyewe kwanza.

Kuna hatari ambayo mtu aliyezoea magari mengine haifikirii. Katika Coccinelle mota iko nyuma, na tangi ya esanse iko mbele, upande wa pili wa tablo. Visi ndefu, foreti ya haraka, cheche moja, na mambo yanaharibika. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitu tuliondoa waya wa batri ya gari, ambayo iko chini ya kiti cha nyuma. (Hapo pia tazameni: chuma cha kiti kikishuka na kugusa batri, kiti kinaweza kuwaka. Batri ifunikwe.)

Waya mbili za bafle zisiguse chuma cha gari, hata moja. Katika radio nyingi za zamani waya moja ya bafle ilifungwa kwenye masi, na fundi mzee anaifunga hivyo kwa mazoea. Katika ampli nyingi za leo waya zote mbili zinabeba nguvu, na anayeipeleka moja kwenye masi anaweza kuiunguza ampli kabla ya wimbo wa kwanza kuisha. Tena soma om zilizoandikwa nyuma ya sumaku. Yetu ni ya om 4. Bafle mbili za om 4 zikifungwa sambamba zinakuwa om 2, umeme unaopita unakuwa mara mbili, na ampli inayotaka 4 inachemka.

Lilibaki shauri moja. Nyimbo za leo zimerekodiwa pande mbili, kushoto na kuume, na tundu letu ni moja. Ukifunga upande mmoja tu, unaweza kupoteza sauti za wanawake wote. Wengine wanasokota waya za kushoto na za kuume pamoja. Ampli haipendi jambo hilo hata kidogo. Ziko bafle zenye bobini mbili kwa ajili ya shida hii, lakini sisi hatukutoa hata franga: katika simu kuna mahali pa kuchagua mono, na pande zote mbili zinaunganishwa kabla hazijafika kwenye ampli. Mzee alisikiliza kwaya ya mama mara tatu akiwa na mlango wazi.

Ile bafle iliyooza tumeiweka katika kabati ya fizikia. Karatasi imekwisha, lakini bobini ingali nzima na inaonekana vizuri. Anayetaka kuitazama amwombe mwalimu ufunguo, na airudishe.