Paka Chumba Chokaa kwa Gharama Ndogo



Mwaka jana mke wangu alikwenda kwao kujifungua mtoto wetu wa kwanza. Nikabaki peke yangu. Usiku nilikuwa nikitazama kuta za chumba chetu. Ni kuta za matofali mabichi, zimepigwa lipu ya udongo. Upande wa kitandani zilikuwa nyeusi kwa moshi wa koroboi. Nikajiuliza, "Mtoto atafikia humu?" Nikaamua kukipaka chumba kabla hawajarudi, wala nisimwambie mama mtoto. Iwe zawadi.

Nilikwenda dukani kuuliza bei ya rangi ya mafuta. Mwenye duka akasema, "Chukua tu, utalipa baada ya mavuno." Nusura nikubali. Lakini zawadi ya deni si zawadi. Unayempa ndiye atakayefunga mkanda siku ya kulipa. Tena rangi ya mafuta haifai ukuta wa udongo. Inaziba unyevu ndani, kisha inabanduka. Basi nikanunua chokaa.

CHOKAA NI NINI?

Chokaa inatokana na mawe. Mawe ya chokaa, au matumbawe kule pwani, huchomwa katika tanuri kwa moto mkali. Mawe hayo yakitiwa maji huchemka na kuwa unga mweupe. Hiyo ni chokaa iliyozimwa. Ukiipaka ukutani, inavuta hewa ya ukaa polepole na kugeuka jiwe tena. Ndiyo sababu inashika. Lakini inahitaji unyevu na muda. Ikikauka upesi, inabaki unga tu.

Mimi sikufuata hayo. Ukuta wa kwanza niliupaka mara moja, chokaa nzito kama uji, na ukuta mkavu. Ulipendeza kweli! Kesho yake niliuegemea, shati likawa jeupe mgongoni. Nikaupiga kofi, chokaa ikamwagika kama unga wa muhogo. Ikabidi nikwangue yote. Mzee jirani, fundi wa siku nyingi, akacheka sana. Akasema, "Mwalimu, chokaa inapakwa kama maziwa, siyo kama uji!"

HESABU YA CHUMBA

Chumba changu kina mita 3 kwa mita 3. Kuta nne ni 3 + 3 + 3 + 3, yaani mita 12. Kimo ni mita 2 na nusu. Basi 12 mara 2.5 ni mita za mraba 30. Ondoa mlango na dirisha, zinabaki kama 27. Ndoo moja ya lita 20 ilitosha kupaka mara tatu. Ndani yake nilitia kilo 10 za chokaa na kilo 1 ya chumvi. Mfuko ulikuwa wa kilo 25, hivyo tulichanga na jirani, kila mtu akapata sehemu yake.

Kabla hujalipa, soma maandishi ya kwenye mfuko. Wewe sasa unajua kusoma, usikubali kuambiwa tu. Nunua chokaa iliyozimwa ya ujenzi. Chokaa ya shambani ni mawe yaliyosagwa bila kuchomwa. Haishiki ukutani.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

1. Toa vitu vyote nje. Kitanda na godoro vipate jua.

2. Fagia kuta. Penye masizi sugua kwa maji ya sabuni, la sivyo weusi utatokeza tena. Ziba nyufa kwa udongo uliochanganywa na mchanga, uache ukauke.

3. Loweka chokaa usiku kucha katika ndoo ya plastiki. Usitumie sufuria ya alumini, chokaa huila. Asubuhi tia chumvi iliyoyeyushwa kwa maji moto. Chumvi husaidia kutunza unyevu. Ongeza maji mpaka iwe kama maziwa, kisha chuja kwa kitambaa.

4. Nyunyizia ukuta maji kidogo. Paka nyembamba. Ukosefu wa burashi usikuzuie: ponda ncha ya kamba nene ya katani, funga kwenye mti.

5. Mara ya kwanza utaona kama umepaka maji matupu. Usiongeze chokaa! Inakuwa nyeupe ikikauka. Kesho lowesha tena, paka mara ya pili. Keshokutwa mara ya tatu. Koroga ndoo kila mara.

Ukipenda weupe unaong'aa, tia buluu ya kufulia kidogo sana.

HADHARI

Chokaa inaunguza. Funika pua kwa kitambaa, kinga macho, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni usifikiche. Osha kwa maji mengi safi kwa dakika 20, halafu nenda zahanati mara moja.

Kama nyumba imepuliziwa dawa ya mbu ukutani, usipake kwanza. Chokaa itafunika dawa, na mbu watapona. Muulize mhudumu wa afya wakati unaofaa.

CHUMBA KINA SIRI

Neno moja zaidi. Chumba ni cha watu wawili. Sanduku la mke wangu sikuligusa. Nilimwita mdogo wake, shemeji yangu, alitoe na kulirudisha yeye mwenyewe. Hata khanga zilizokunjwa chini ya mto alizibeba yeye. Mwanamke huweka akiba yake anapojua. Ukivuruga akiba hiyo, furaha inageuka ugomvi.

Baada ya kumaliza niliacha mlango na dirisha wazi siku saba, chumba kikauke, maana mtoto mchanga hafai kulala penye unyevu.

Mama mtoto alipofika, alisimama mlangoni kimya. Akaenda kwanza kwenye sanduku, akafungua, akatazama, akafunga. Kisha akapitisha kidole ukutani, akakiangalia. Kilikuwa kisafi.

"Haitoki," akasema. "Nani kakufundisha?"

Nikamweleza habari ya uji. Alicheka mpaka mtoto akaamka.

JADILINI KATIKA KUNDI LENU

1. Kwa nini chokaa ya kwanza ilitoka ukutani?
2. Chumba chako kina mita za mraba ngapi?
3. Je, ni vizuri kumnunulia mtu zawadi kwa mkopo?