Umbo la Kipima-ufa

Uwanda wa Kano, mashariki mwa mji wa Kisumu, una udongo mweusi unaofura ukishiba mvua na kunywea jua likikaza. Nyumba yenye msingi usio na kina huinuliwa na kushushwa nao mwaka baada ya mwaka, hadi kuta zinapasuka, mara nyingi kwa mshazari kutoka pembe za madirisha. Ufa kila mtu anauona. Kinachotakiwa kujulikana ni iwapo ungali unatembea.

Mafundi wa zamani walibandika kipande cha kioo juu ya ufa, au wakapaka plasta na kuiandika tarehe. Kioo kikivunjika, ukuta umesogea; umesogea kiasi gani na kuelekea wapi, kioo hakisemi. Kipima-ufa cha siku hizi ni vibao viwili vya plastiki angavu vinavyopandana, kila kimoja kimegandishwa upande wake wa ufa. Kimoja kina miraba ya milimita, kingine kina msalaba mwembamba. Ukuta ukisogea, msalaba huhama juu ya miraba, nawe unasoma kwa pamoja mwendo wa kwenda kando na wa kupanda au kushuka.

Tuseme fundi wa Kondele, mtaa wa Kisumu, amebuni cha kwake: fremu ya rangi iliyopindwa kwa namna yake, kibao chenye kiuno chembamba, na kingine kilichokunjwa kukaa kwenye kona. Kipi hapo ni chake? Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001 hulinda mistari, rangi au umbo linalokipa kifaa sura ya pekee, ila haigusi chochote kilichopo kwa ajili ya kazi ya kiufundi tu. Hapa ndipo wabunifu wengi hukwama. Miraba ipo ili ipime. Msalaba upo ili usomwe. Hata ule mkunjo wa kona umelazimishwa na kona yenyewe. Fremu na kiuno, ambavyo vingeweza kuchorwa vinginevyo na kifaa kikapima vilevile, ndivyo vya kusajili. Naiunga mkono sheria kwa dhati: nyumba za Kano zinahitaji kupimwa, na mtu mmoja hapaswi kuifungia milimita kabatini.

Fundi akiwa amegundua namna mpya ya kupima, njia ni nyingine: hataza, ya miaka 20, au cheti cha ubunifu mdogo wa kiufundi, cha miaka 10.

Turudi kwenye sura ya kifaa, ambayo kisheria huitwa muundo. Kabla ya 1990, muundo ulilindwa Kenya kwa kusajiliwa kwanza Uingereza. Leo ombi hupelekwa Taasisi ya Mali ya Viwandani ya Kenya (KIPI), Nairobi, pamoja na michoro au picha za kifaa. Ulinzi ni wa miaka 5, nao huweza kuongezwa mara mbili, jumla 15. Muundo lazima uwe mpya, kwa hiyo ombi litangulie kuuzwa kwa kifaa katika soko la Kibuye mjini Kisumu, na litangulie pia picha za Facebook.

Muundo ukishasajiliwa, fundi wa Manyatta, mtaa mwingine wa Kisumu, akitengeneza kipima-ufa chenye miraba ileile ndani ya fremu isiyofanana na ile iliyosajiliwa, hajavunja sheria. Akiiga fremu, au duka likiagiza nakala zake kutoka nje na kuziuza, mwenye muundo anaweza kuwashtaki mbele ya Baraza la Mali ya Viwandani.